Nimetuma sampuli za polima Ujerumani zikapigwa MALDI: nyota nne, ya tano nimeizuia

Kwa wale mnaohangaika na polima mkiwa huku Bongo na mashine hamna, hii ni rivyu ya huduma ya kupimiwa sampuli kwa MALDI-TOF, mashine inayorusha molekuli kwa leza na kuzipima masi, kwenye maabara moja ya chuo Ujerumani. Jina siliweki, nina sifa zao na nina lawama zao na sitaki kumchafulia mtu mtandaoni. Jibu la wenye haraka ni hili: kama swali lako ni mnyororo wangu umeanza na nini na umeishia na nini, lipa hela bila kuwaza mara mbili. Kama swali lako ni polima yangu ina uzito gani kwa wastani, tunza hela yako katafute GPC, ile mashine inayotenganisha minyororo kwa ukubwa wake.

Sasa wenye muda tuendelee. Sisi tunapika PLA, ile polima ya asidi laktiki, tunaiotesha kwenye ncha ya PEG (polietilini glaikoli, polima inayopenda maji) ili tupate kibebeo cha dawa zisizopenda maji. NMR, kile kipimo cha molekuli kwa sumaku, tunaipata kwa kubembeleza vyuo rafiki, ila NMR inakupa wastani wa kila kitu kilichomo kwenye chupa, haikuoneshi mnyororo wa urefu huu na mnyororo wa urefu ule. Masi spektrometa ndiyo inakutenganishia. Kwenye MALDI unachukua polima kiduchu unaichanganya na matriksi, yaani kemikali ndogo inayomeza mwanga wa leza, unatia na chumvi kidogo, tone linakaushwa kwenye sahani ya chuma, wanalipiga leza, matriksi inapaa na polima inapaa nayo bila kuvunjika ikiwa imebeba ioni ya sodiamu, halafu zote zinakimbizwa kwenye bomba lenye ombwe, nyepesi zinafika mwanzo nzito zinafuata, muda wa safari unageuzwa kuwa masi. Basi. (Watu wengi wanadhani ni mashine ya protini tu, lakini Koichi Tanaka wa Shimadzu, yule injinia aliyepata Nobel ya kemia 2002 akiwa na digrii ya kwanza tu, kwenye ripoti yake ya 1988 alikuwa na protini na PEG pamoja. Polima tulikuwepo tangu siku ya kwanza, msituchukulie poa.)

Sampuli ya kwanza ilikuwa ni hiyo PEG yenyewe tuliyonunua, PEG 2000 iliyofungwa methili upande mmoja. Hapa ndipo nilipoona thamani ya hela. Grafu inakuja na vilele vimepangana kama shanga kwenye uzi, kila kimoja kimeachana na mwenzake 44.026, ambayo ndiyo C2H4O, kipande kinachojirudia cha PEG. Mpaka hapo hamna jipya, yeyote anajua PEG ni 44. Utamu uko kwenye mabaki. Chukua kilele cha 1992.17, toa sodiamu 22.99, toa vipande 44 vya 44.026, unabaki na 32.03, na hiyo ni CH3O upande mmoja na H upande mwingine, yaani methili yetu ipo. Ila pembeni yake kuna msururu mdogo, kilele kiko 1978.15, ukipiga hesabu ileile unabaki na 18.01, ambayo ni H na OH. Hiyo ni PEG isiyofungwa popote, ina mikono miwili wazi! Muuzaji alikuwa ameandika safi kabisa kwenye karatasi yake.

Kwa nini niwe mkali kwa kitu cha 14 tu? Kwa sababu PLA inaota kwenye kila ncha yenye OH. PEG yenye ncha moja inakupa vipande viwili, PEG ukaiunga na PLA moja. Yenye ncha mbili inakupa PLA huku na huku na PEG katikati, na hiyo ikiingia kwenye maji inafanya mambo yake mengine, inaunganisha vijipira vya dawa vinashikana. Tulikuwa tunalaumu joto, tunalaumu mchanganyiko, tunamlaumu na kijana wa maabara masikini, kumbe mgeni yumo kwenye chupa toka dukani. NMR isingetwambia kirahisi maana ncha za mnyororo ni kitu kidogo mno ukilinganisha na mwili mzima.

Lawama ya kwanza inaanzia hapohapo. Ripoti yao ya awali ilikuwa na msururu wa tatu, uko juu ya ule mkubwa kwa kama 16, na mtu wao akaandika hapo kuwa PEG imeoksidika. Mimi nikatilia shaka, maana 16 kwenye polima ni mtego wa kila siku. Oksijeni ni 15.995. Lakini potasiamu ikichukua nafasi ya sodiamu tofauti ni 15.974. Ni 0.021 tu, kwenye masi ya 2000 hiyo ni kama sehemu kumi kwa milioni, ukitumia modi ya lineari, ioni zikienda moja kwa moja, huoni kitu kabisa, unahitaji reflektroni, kioo cha kurudisha ioni kinachonoa vilele, na kalibresheni iliyotulia. Nikawaandikia imeili ya heshima nikawaomba warudie wakiongeza chumvi ya potasiamu makusudi. Wakarudia bure, hilo nawapa maua yao, na ule msururu ukapanda juu ukaupita wa sodiamu. Polima ingekuwa imeoksidika kweli uwiano usingegeuka hivyo. Wakabadilisha ripoti, wakaomba radhi, yakaisha. Lakini fikiria mtu asiyejua angechapisha hayo kwenye tasnifu yake, mtahini akamla nyama.

Twende kwenye PLA, hapa ndo nilifurahi kuliko pote hata nikasahau hiyo imeili. Tulituma PLA fupi tuliyoianzisha na benzili alkoholi, katalisti ile ya bati tuliyoizoea wote. Sasa laktaidi inaingia ikiwa imejikunja, asidi laktiki mbili kwa mpigo, kwa hiyo vilele vilitakiwa viachane kwa 144.04. Sampuli tuliyoitoa mapema ndivyo ilivyokuwa, 144, 144, 144, safi. Sampuli tuliyoiacha kwenye joto muda mrefu ikaja na vilele vya katikati, imekuwa 72, 72, 72, na vile vya katikati vina urefu karibu sawa na vile vya asili. Mnyororo wenye idadi witiri ya asidi laktiki hauwezi kutoka kwa laktaidi moja kwa moja. Maana yake minyororo ilianza kukatana na kubadilishana vipande yenyewe kwa yenyewe baada ya monoma kukaribia kuisha. Yaani unaona kwa macho kuwa chakula kiliiva zamani na wewe bado unachochea. Tangu hapo tunatoa mapema, na grafu imerudi 144.

Na siyo hilo tu. Kwenye hiyohiyo grafu ukitafuta kwa makini unakuta na wengine. Mnyororo wa asidi laktiki 20 ulioanza na benzili alkoholi unakaa 1571.47. Ukikuta kitu kwenye 1481.42 ujue huo ulianzishwa na maji, kwa hiyo laktaidi yako au chombo chako hakikukauka vizuri. Ukikuta 1463.41 huo hauna ncha kabisa, ni duara, umejifunga mkia. Kwetu wa maji alikuwepo na wa duara alikuwepo kwa mbali kwenye ile iliyochelewa. Habari zote hizo zimetoka kwenye vumbi la kujaza ncha ya kijiko, tone moja, na leza. Kwa kweli hapo sina la kusema.

Sasa nyota niliyoizuia. Kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti wanakuwekea jedwali lina Mn na Mw, yaani wastani wa uzito wa aina mbili, na mtawanyiko, yaani minyororo inatofautiana uzito kiasi gani, kwa herufi nzito, vizuri tu kama cheti cha kuzaliwa. Kwa PLA yetu wakaandika mtawanyiko 1.05. Jamani! Polima ileile GPC ilitupa 1.4. Siyo kwamba mashine yao mbovu, hii ni tabia ya MALDI yenyewe na kila aliyekaa nayo anaijua: mtawanyiko ukizidi kama 1.2 minyororo mirefu inaonewa. Ni migumu kupaa, ikifika kwenye kigunduzi inafika taratibu kwa hiyo inapiga kengele kidogo, na ile mifupi iliyotangulia imeshakichosha kigunduzi. Matokeo yake polima pana inaonekana nyembamba na nyepesi. Jambo linalojulikana hivyo unaliwekaje kwenye jedwali bila hata mstari wa onyo? Mteja wa kawaida atalinakili tu. Na GPC nayo isijifanye malaika, ikikalibretiwa kwa polistairini inaipa PLA uzito mkubwa kuliko wake, ndiyo maana watu wanazidisha kwa 0.58, lakini angalau upana inauona. Anayetaka vyote viwili akatie kwanza polima yake kwa GPC vipande vyembamba halafu kila kipande ndo kiende MALDI. Hiyo huduma wanayo, bei yake sasa shikilia kiti.

Kitu cha mwisho tulichotuma ni kituko chetu wenyewe. Mnajua mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na toka hapo kila mtu ana mfuko wake mbadala. Tukaokota mmoja sokoni umeandikwa unaoza, tukakata kipande tukatia kwenye boksi tuone. Kama ungekuwa PBAT, ile poliesta inayotumika sana kwenye mifuko ya kuoza, ungeyeyuka kwenye klorofomu na ungeonesha vipande vya aina mbili, 200.10 na 220.07. Haukuyeyuka. Wakaosha na sulventi wakapima yale maji ya kuoshea, wakapata kilele kimoja cha maana 1199.8, ambacho ni Irganox 1010 imebeba sodiamu, dawa ya kuzuia plastiki isichakae. Nilicheka peke yangu. Ila jamaa hapa walinikosha, waliandika wazi kuwa hiyo siyo ushahidi, hata plastiki za kuoza huwekewa dawa hizo zisiharibike kiwandani, na wakasema mwili wenyewe wa mfuko MALDI haiwezi kuusemea. Polithini ni kaboni na haidrojeni tupu, haina pa kuishikia sodiamu, hata ioni ya madini ya fedha inayoishika polistairini pale kwenye duara zake za benzini haina pa kukaa. Wangeweza kutuuzia leza isiyo na faida mara nne wakachukua hela, wakashauri pailolisisi: unachoma kipande kwenye nyuzi 600 hivi bila hewa, moshi unapita kwenye gesi kromatografi kisha masi spektrometa. Tukaongeza hela. Ikaja na vilele vitatu vitatu, vitatu vitatu, kila idadi ya kaboni ina watatu wake, daieni yenye vifungo pacha viwili, alkene yenye kifungo pacha kimoja na alkane iliyoshiba. Hiyo ni sahihi ya polithini, haina mjadala. Alama ya asidi ya tereftaliki, ambayo PBAT ingeionesha, hata kidogo. Kuoza gani sasa huko.

Upande wa huduma kwa mteja wako vizuri, wanajibu imeili kwa Kiingereza kilichonyooka, na fomu yao inauliza maswali ya maana: monoma gani, kianzishi gani, katalisti gani, inayeyuka kwenye nini. Jaza yote usifiche, matriksi inachaguliwa kutokana na hapo, PEG hawaipiki kama polistairini na PMMA, ile ya akriliki, ina yake. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, waliwahi kukusanya mapishi ya namna hii kwa polima tofauti, ukiyapata yapitie kabla hujatuma utajua hata cha kuwauliza. Omba kabisa data ghafi kwa maandishi ya kawaida yanayofunguka kwenye Ekseli, bila hivyo wanakutumia picha ya grafu na picha huwezi kuitoa 22.99. Omba reflektroni kwa chochote kilicho chini ya 5000. Omba waandike ni ioni gani iliyobebwa, na kama hawana uhakika warudie na chumvi nyingine, nimeshawaonesha ya kwangu.

Bei siyo ya kitoto ila ukiwa na barua ya chuo wanapunguza, na ukituma sampuli nyingi za familia moja kwa pamoja wanapunguza tena maana wanatumia mapishi yaleyale. Usafirishaji ndo unauma kuliko kipimo. Tuma unga mkavu kwenye vichupa vidogo, miligramu kumi zinatosha na zinabaki, usitume kitu kwenye sulventi utakuja kujieleza uwanja wa ndege, na kwenye karatasi ya forodha andika sampuli ya utafiti, polima isiyo na hatari, haina thamani ya biashara, ubandike na barua ya chuo nje ya boksi siyo ndani.