Kidude cha kumkumbusha mama: msinunue (au nunueni, sijui)

Mnaouguza wazee wenye Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, nisikilizeni kabla hamjatoa hela. Kidude hiki unakirekodia maelekezo, nacho kinayatamka hatua kwa hatua. Nilimnunulia mama, hapa Makorora, Tanga. Bei na chaji ulizeni dukani. Mimi nina la udhu.

Nilirekodi zote: mikono, kusukutua, pua, uso, mpaka miguu. Mama kakaa kwenye kigoda, kopo mkononi. Bado anasukutua, chenyewe kishafika kichwani. Akashtuka, "Abee!", akageuka kutafuta nani anamwita, kisha akaanza upya mikono. Kidude hakina habari, kinadai miguu. Ndoo ikaisha maji, kanga chapachapa, mama analia kwamba swala inampita na watu wanamharakisha. Watu! Tulikuwa wawili tu uani.

Nikampigia muuzaji. "Dada, mashine nzima hiyo, tatizo ni mgonjwa." Kwani alidhani namnunulia nani, mtu mzima wa afya?

Na wala si kwamba haiwezekani. Kule Toronto, Kanada, watafiti akina Alex Mihailidis walitengeneza mfumo wa kunawa mikono uitwao COACH: kamera inamtazama mtu, akienda vizuri inanyamaza, akikwama ndipo inamwambia linalofuata. Changu hakijui mtu kafika hatua gani, kinahesabu sekunde tu. Na udhu mama kausoma chuoni tangu mdogo. Ukimwanzishia "Bismillahi" ukamtilia maji, mikono inakwenda yenyewe. Asichotaka ni kuhimizwa.

Kwa hiyo msinunue. Ningeishia hapo, ila kuna la mlangoni. Usiku mama huamka akitaka kwenda kwao Pangani, na kidude hicho hicho ukikitega mlangoni kinaongea mtu akipita. Nikamrekodisha kaka: "Mama, saa hizi magari hakuna. Lala, asubuhi nakuja kukuchukua." Anaitikia, "Haya mwanangu," anarudi kitandani. Ni uongo, najua, na kuna usiku mama hakubali. Lakini mimi nilikuwa sijui tena usingizi ni nini, na sasa nalala.

Basi kwa mlango nunueni, tena leo. Kwa udhu, hata mkipewa bure kataeni. Yule muuzaji kanitumia ujumbe juzi, eti kuna toleo jipya. Sijamjibu.