Kutoka sigara kwenda vepu: uzoefu wangu hapa Tabora

Kwa mwenye haraka: kama unavuta sigara na umeshajaribu kuacha ikashindikana, vepu (ile sigara ya umeme, ya betri) ni nzuri, chukua. Kama huvuti chochote usiiguse kabisa, nikotini ni ile ile na ikishakuzoea haikuachii kirahisi. Haya mengine nawaandikia wavutaji wenzangu, hasa nyie wa mikoani, maana mambo ya afya na bei watu wanaongea sana ila habari ya mikono hakuna anayeigusa, na mi kilichonisumbua kuliko vyote ni mikono.

Mi ni fundi simu, kibanda changu kipo Isevya, nimevuta Sportsman tangu ujana, za moja moja dukani kwa Mangi, pakiti nzima nilikuwa nanunua nikisafiri tu. Kwetu Urambo, tumbaku ndio iliyotulipia ada, kwa hiyo hili jani nalijua kuanzia kitaluni mpaka linapofungwa robota.

Sasa angalia sigara ilivyo. Unaitoa, unagonga kichungi kwenye kucha ya dole gumba, unaizungusha kwenye vidole kusikia kama imekauka, unaipachika mdomoni, unatafuta kiberiti, njiti inawaka, unaziba upepo na kiganja (na upepo wa kiangazi wa hapa Tabora mnaujua na vumbi lake), lile pafu la kwanza linakuja na harufu ya njiti kidogo, alafu ndio unaanza kukung'uta majivu, unaangalia imefika wapi, mwisho unakanyaga kipisi na kisigino unarudi kazini. Hapo mikono imefanya kazi mfululizo dakika tano sita nzima. Na kwa kazi yangu hizo dakika zina maana, huwezi kushika sigara huku umeshika bloa unabandua IC (kile kichipu kidogo) kwenye bodi, kwa hiyo ilikuwa nikimaliza kubadilisha sistemu chaji ya mteja natoka nje, navuta, narudi, nafungua simu nyingine. Sigara ndio ilikuwa inanigawia siku, simu hii imeisha, nyingine inaanza.

Vepu haina hayo. Unaitoa mfukoni unavuta, basi. Hakuna kuwasha, hakuna kuzima, hakuna majivu, na kibaya zaidi hakuna mwisho. Sigara ikifika kwenye kichungi imekwambia tosha, vepu haikwambii kitu mpaka betri iishe au juisi (ule umajimaji wake wenye nikotini) iishe. Wengi wanaosema walihamia vepu wakajikuta wanavuta zaidi ya mwanzo, chanzo kikubwa ni hiki, mkono hauna kazi ya kufanya na mashine iko tayari muda wote, unavuta pafu moja ukiwa unasubiri simu iwake, pafu lingine mteja anahesabu hela, jioni inafika kichwa kinagonga na huelewi umevuta kiasi gani.

Turudi nyuma kidogo kwenye kuinunua. Hapa kwetu bado hazijajaa madukani, ya kwangu rafiki yangu wa Dar aliinunua Kariakoo akanitumia kwa basi. Ya kwanza ilikuwa ile ya kutumia na kutupa, imeandikwa 5%. Hii asilimia msiipite hivi hivi jamani, 5% maana yake miligramu 50 za nikotini kwenye kila mililita moja, sasa kikiwa na mililita 2 humo ndani zipo miligramu 100, wakati sigara moja mwili unachukua kama miligramu 1 hadi 2 tu. Na hizi za siku hizi wanatumia nikotini ya chumvi, laini, haikwaruzi koo, kwa hiyo koo halikupi taarifa kwamba imezidi. Mi nilikaa nayo asubuhi moja tu kichwa kikaanza kuzunguka, mate yakajaa mdomoni, kichefuchefu, jasho la baridi, nikaitambua hali hiyo palepale! Ni ile ile tuliyokuwa tunaipata utotoni tukichuma tumbaku asubuhi majani yakiwa na umande, unayabeba kwapani, shati linalowa, ikifika saa nne unatapika na haujavuta chochote, nikotini imepita kwenye ngozi. Kila mtoto wa mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge anaijua. Kwa hiyo ile ya 5% nikaiweka pembeni, nikaagiza ya kujaza mwenyewe pamoja na juisi ya miligramu 20, na hii ndio ninayoielezea kwenye uzoefu huu.

Hii ya kujaza ni kijitu kidogo, kinakaa kwenye kiganja, chini betri, juu kipodi cha plastiki cha kuchomeka, ndio kinachobeba juisi. Ndani ya podi kuna koili, waya mdogo wa kupata moto, umezungushiwa pamba, pamba inanyonya juisi, ukivuta betri inapeleka umeme kwenye koili na juisi inageuka mvuke. Juisi yenyewe ni propilini glikoli, gliserini, nikotini na flevu. Aliyeifanya ikawa kitu cha kutumika dunia nzima ni mfamasia wa China anaitwa Hon Lik, mwaka 2003, na yeye mwenyewe alikuwa mvutaji. Mnaotoka kwenye tumbaku nitawaeleza kwa mfano mmoja, ni kama bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku. Moto tunachochea nje, joto linapita kwenye mabomba ndani, moshi unatokea zake juu wala haugusi majani, kwa hiyo jani linapata joto bila moshi. Vepu nayo ni joto bila moshi. Sigara ukiivuta ile ncha inafika karibu nyuzi 900, na kwenye huko kuungua ndio inapotoka ile lami ya kwenye mapafu na kaboni monoksaidi, koili inafanya kazi kwenye nyuzi mia mbili na kitu tu, hakuna kinachoungua. Ndio maana Public Health England, taasisi ya afya ya jamii ya Uingereza, mwaka 2015 wakakadiria kwamba madhara yake ni pungufu kwa asilimia 95 hivi ukilinganisha na sigara, ingawa Shirika la Afya Duniani wenyewe wanasisitiza kwamba si salama na hawaiungi mkono. Mi nawasikiliza wote wawili, pungufu haina maana ya hakuna.

Ila kuna sharti, pamba isikauke. Juisi ikiwa chini au ukivuta haraka haraka bila kuipa pamba nafasi ya kunyonya, utapata pafu la kuungua, chungu, linakwaruza mpaka machozi, na hapo sasa pamba yenyewe ndio inaungua kwa hiyo faida yote imepotea. Ukiweka podi mpya jaza alafu iache kama dakika kumi kabla hujavuta. Na uvutaji wenyewe ni tofauti, sigara tulizoea kuvuta kwa nguvu na haraka, hii unavuta polepole, unaujaza mdomo kwanza ndio unashusha kifuani. Kikohozi cha siku za mwanzo kwa watu wengi kinatokana na kuivuta kama sigara.

Kwenye ladha, flevu ya tumbaku ilinisikitisha. Mtu aliyelala karibu na bani linalokauka, ile harufu tamu ya majani yakishageuka njano, usiku unaamka kuchochea kuni, hawezi kudanganyika na kile kilichomo kwenye chupa. Nimehamia minti, haijifanyi kitu kingine.

Sasa mikono nimeifanyaje. Kwanza vepu haikai mfukoni, inakaa kwenye droo ya chini pamoja na spea, ukitaka kuivuta lazima uweke simu chini, ufungue droo, utoke nje. Pili nimeitengenezea taratibu zake na hizi nazishika kweli kweli: natoka, nafuta kidomo chake na kitambaa (vumbi la hapa bila kufuta utakula mchanga), nakiinua kwenye mwanga naangalia juisi imefika wapi, navuta pafu chache nimesimama pale pale nilipokuwa nasimama zamani, nazima na kitufe, narudi. Nilichagua yenye kitufe kwa makusudi, zile za kuvuta tu zinawaka zenyewe sizipendekezi kwa anayetoka kwenye sigara, kile kitufe ndio kiberiti chako cha sasa na ndio kisigino chako pia. Tatu, kujaza juisi nafanya mara moja asubuhi, kiasi cha siku, ikiisha imeisha mpaka kesho. Hii ya tatu ndio iliyorudisha ule mwisho uliopotea, na ndio ningemshauri mtu aanze nayo kabla ya zote. Kile kidole cha kugongea kichungi bado kinatafuta kitu, siku za mwanzo nilikuwa nagonga bisibisi kwenye kucha bila kujua, sasa hivi nikiwa kwenye benchi natafuna michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), mkono una kazi na mdomo una kazi.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna taratibu itakayokirudisha, nacho ni kuombana moto. Mlinzi wa maduka yetu ni mzee wa makamo, kila jioni alikuwa anakuja, "Mwanangu, hebu nipe moto", nami nampa, tunasimama wote mpaka sigara ziishe, hapo ndio nilikuwa napata habari zote za mtaa. Nilivyohamia vepu akaja kama kawaida akaangalia kile kidude akaniuliza, "Sasa hiki moto wake unatoka wapi?" Nikamwonyesha. Akasema sawa mwanangu, akaenda kutafuta kiberiti kwingine. Siku kadhaa hakuja. Iliniuma, nasema ukweli, kwa sababu sigara ina ubaya wake wote lakini inaweka watu pamoja, unaweza kumwomba usiyemjua "nibakizie kidogo" na akakubakizia, vepu ni ya mtu mmoja, humpi mtu kidomo ulichotoka kukinyonya. Siku hizi naweka kiberiti kibandani kwa ajili yake na natoka naye nje akija, yeye anavuta yake nami nimesimama, mara nyingine sivuti hata kidogo.

Kwenye treni ya Kigoma pia. Zamani ilikuwa Kaliua ikisimama tunashuka wavutaji wote, dakika chache za kunyoosha miguu. Ukiwa na vepu kishawishi ni kuvutia humo humo kwenye behewa kwa sababu hainuki. Tusifanye hivyo, kuna watoto humo ndani na sheria ya bidhaa za tumbaku tunayo tangu 2003. Shuka na wenzako.

Mwili umebadilika. Makohozi ya asubuhi mwanzoni yaliongezeka alafu yakapungua sana, matundu ya cheche kwenye mashati hakuna tena, mke wangu anasema hata mto haunuki. Pua imerudi pia, juzi nimenunua asali ya nyuki wadogo nikasikia vitu ambavyo miaka yote nilikuwa sivisikii. Kinywa kinakauka, kunywa maji. Lakini kuacha nikotini sijaacha, ukininyang'anya hiki kidude siku nzima nakuwa mkali kama zamani.

Kama fundi niongee pia kuhusu betri maana hapa watu wanaumizwa. Chaja ya fasti ya simu usiitumie kama kifaa hakijaandikwa kinaikubali, tumia ya kawaida, na usikiache kwenye chaji usiku, umeme wetu unakatika na kurudi kwa nguvu. Zile za kutupa nimezifungua, ndani mna betri ya lithiamu kabisa, ya kuchajika, mtu anaitupa jalalani na sisi takataka tunachoma moto. Betri ya lithiamu kwenye moto inalipuka. Ipeleke kwa fundi simu yeyote, tunazo namna za kuzitunza.

Juisi kaa nayo juu, mbali na watoto, ile chupa inanukia pipi na mtoto akiinywa ni sumu kali, ikikumwagikia osha na sabuni hapo hapo. Na usinunue juisi iliyochanganywa na mtu usiyemfahamu, yale magonjwa ya mapafu ya Marekani mwaka 2019 kwa sehemu kubwa yalihusishwa na mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye bangi ya kuvuta kwa vepu, sio juisi za kawaida za nikotini, lakini ukishanunua chupa isiyo na lebo huwezi kujua umepewa kipi.

Malalamiko yangu kwa kifaa chenyewe ni mawili. Podi inavuja ukiilaza, barabara mbovu ndio usiseme, isimamishe. Na podi za kubadilisha hapa hazipatikani, kila moja inachoka baada ya wiki moja mbili hivi ukiona ladha inakuwa ya moshi moshi, kwa hiyo ukiagiza Dar agiza na podi za akiba kwenye mzigo huo huo, muulize anayekuuzia koili ni omu ngapi (omu ni kipimo cha jinsi koili inavyozuia umeme). Kwa juisi ya miligramu 20 chukua koili ya omu 0.8 kwenda juu, za chini ya hapo zinatoa mvuke mwingi na nikotini nyingi kwa pafu moja. Mzigo wangu unaofuata nimeagiza wa miligramu 10.