Bwalo la watawa la Sant'Apollonia, Florence: nenda, kisha ukae

Wengi wanaofika Florence huishia kwenye foleni za Uffizi, makumbusho makubwa ya sanaa. Mimi ningemwambia mtu aanzie Via XXVII Aprile, mwendo wa dakika chache kutoka kanisa la San Marco, kwenye mlango wa Sant'Apollonia ambao ni rahisi kuupita bila kuuona. Hapo zamani waliishi watawa wa kike wa Kibenediktini, shirika tunalolijua kwetu Tanzania kwa abasia za Ndanda na Peramiho. Bwalo lao la chakula sasa ni makumbusho, na sikutozwa kiingilio.

Ukutani mbele yako ni Karamu ya Mwisho, iliyochorwa na Andrea del Castagno mwaka 1447 juu ya lipu mbichi. Watawa wale walifungiwa ndani, watu wa nje hawakuingia, kwa hiyo kwa karne nne mji haukujua kuna kazi kama hii, mpaka serikali ya Italia ilipozivunja nyumba za watawa miaka ya 1860. Yaani picha hii ilikuwa ya wanawake waliokula mbele yake kila siku, basi!

Na mchoraji aliwafikiria. Mitume wote wako ng'ambo ya meza, isipokuwa Yuda. Huyo amekaa peke yake upande wetu, nywele na ndevu nyeusi, hana duara la utakatifu kichwani. Mtawa akiinua macho toka kwenye sahani, wa karibu naye kuliko wote ni msaliti. Yohana amejilaza mezani kando ya Yesu. Halafu tazama ukuta wa marumaru nyuma yao: mabamba karibu yote yametulia, ila lile lililo juu ya Petro, Yuda na Yesu lina michirizi inayochachamaa kama radi. Hapo nilisimama muda mrefu kuliko popote Florence.

Sehemu ya juu, yenye Ufufuko, Kusulubiwa na Kuzikwa, imechakaa sana. Ilipobanduliwa ili iokolewe, chini yake ilionekana michoro ya awali ya udongo mwekundu, nayo imehifadhiwa humo humo. Usitoke bila kuitazama. Unaona mkono wa Castagno ukitafuta mstari.

Hakikisha siku na saa za kufunguliwa kabla ya kwenda, na uende asubuhi.