Boti za kuzunguka mawe Capri Point: nendeni ila msiende kwa haraka

Wakuu, mkiwa Mwanza pandeni boti za vijana wa pale ufukweni Capri Point, Ziwa Victoria, ila muongee kabisa kabla hamjaondoka kwamba hamtaki kukimbizwa. Boti nyingi zinakupitishaga Jiwe la Bismarck, yale mawe maarufu yaliyobebana majini, fasta, selfi mbili tatu, mnageuza. Nahodha wetu alizima injini tukaelea tu mbele ya jiwe na hapo ndo niliona pesa yangu imeenda kihalali.

Ile sanamu ya samaki ya kipilefti mjini naipenda, lakini ile kuna fundi kaitengeneza. Haya mawe hayana fundi jamani. Ni granaiti iliyopoa huko chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, ikapasuka, maji yakaingia kwenye nyufa yakawa yanakula zile kona taratibu mpaka zikawa mviringo, udongo wa pembeni ukasombwa na mvua, yakabaki yamebebana hivyo hivyo mpaka leo. Ziwa lenyewe ambalo sisi tunaliona la tangu na tangu lina kama miaka 400,000 tu, na kuna kipindi lilikauka, halafu likajaa upya kama miaka 15,000 hivi iliyopita. Yaani mawe yalikuwepo ziwa halipo! Mimi hilo limenikaa kichwani mpaka sasa.

Angalieni na chini pale maji yanapogonga, kuna mstari wa rangi kwenye jiwe, alama ya maji yalipofika. Mwaka 2024 ziwa lilipanda hadi kupita rekodi ya 2020, ukiuangalia ule mstari ukakumbuka hiyo miaka unaona mbali sana.

Kisiwa cha Saanane kiingilio ni kingine, unalipa kwa watu wa hifadhi. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, zamani ilikuwa bustani ya wanyama ya 1964, na wengi wanafuataga swala. Mimi nasema pandeni juu ya mawe mkae, pimbi wanaota jua, mijusi ile ya kichwa cha pinki na mwili wa bluu inapita karibu kabisa.

Laifu jaketi zipo, watoto walivalishwa kwanza, safi sana. Kilichopungua ni maelezo, nahodha anajua ndege na samaki vizuri mno ila mawe hagusii, na ndo utajiri wetu huo. Nampa nyota nne. Nendeni asubuhi, mchana upepo unaamka boti inarukaruka hamtaona kitu.