Utatu au Umoja: mafundisho mawili kwenye mizani moja

Utatu hufundisha Mungu mmoja katika nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Umoja hufundisha kwamba hao si nafsi tatu, bali ni Mungu yuleyule akijidhihirisha kwa namna tatu, na Yesu ndiye Mungu huyo. Pande zote zinakiri Mungu ni mmoja. Kumbukumbu la Torati 6:4 halina mgomvi. Ubishi unaanzia kwa Yesu.

Kwa maandiko, kila upande una ngome yake. Waumini wa Utatu hushika Mathayo 28:19, ubatizo kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na ubatizo wa Yesu mtoni Yordani: Mwana majini, Roho akishuka kama njiwa, sauti ya Baba ikitoka mbinguni. Wapentekoste wa Umoja hujibu kwa Yohana 14:9, "Aliyeniona mimi amemwona Baba", na Matendo 2:38, ubatizo kwa jina la Yesu. Kwenye jina la kubatizia hoja yao ni nzito. Lakini Yohana 17 inawabana: Yesu anamwomba nani? Wanasema ni ubinadamu wake unaoomba. Mimi jibu hilo halijanitosheleza.

Kwa historia, Utatu uko mbele: uliungamwa kwenye mitaguso ya maaskofu ya Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381. Umoja wa leo ulichipuka Marekani miaka ya 1910, ingawa Sabelio, mwalimu aliyesema Baba, Mwana na Roho ni sura tatu za Mungu yuleyule, alihubiri jambo la kufanana nao karne ya 3.

Kwa wepesi wa kueleza, Umoja unaongoza. Utatu unadai ueleze "nafsi" tatu katika "asili" moja ya Uungu, na anayetumia mfano wa maji, barafu na mvuke huishia kumhubiri Sabelio bila kujua!

Ukithamini ungamo la karne nyingi, Utatu utakukaa. Ukikwepa istilahi zisizo za Biblia, Umoja utakuvuta. Na kama mchumba wako yuko upande wa pili, anzeni na ubatizo, maana makanisa mengi ya Umoja hubatiza upya.