Gari la gesi ni rafiki wa mazingira, ila sio gereji niliyoenda mimi

Mwaka juzi hivi, kama sio mwezi wa tatu basi wa nne, nilifunga gesi asilia kwenye IST yangu ya kubebea abiria hapa Dar. Gereji siitaji, sitaki kesi. Getini wameweka bango kubwa "tunza mazingira, tumia gesi". Haya. Muda si mrefu gari likaanza kunuka yai viza, abiria wanashusha vioo kimya kimya, wakifika wanakukata nyota kwenye app. Nikarudi. Fundi, kijana tu, hajanyanyuka hata kwenye kiti, simu mkononi, ananijibu "bro hiyo kawaida, gesi nyepesi, inapaa zake juu haimdhuru mtu". Nikamwambia mwanangu hii inavuja, akasema "kwani mzee unataka kuendesha gari au unataka kusomea gesi?" Wenzie wakaangua kicheko. Mimi mtu mzima nna wajukuu!

Basi nikasomea kweli.

Hii gesi yetu, inayotoka kwenye visima vya Songo Songo na Mnazi Bay kule kusini, karibu yote ni methani. Ikiungua vizuri kwenye injini inatoa hewa ya ukaa pungufu kuliko petroli, na lile limoshi jeusi la daladala za dizeli hulioni kabisa, hapo bango halijadanganya. Ila methani ambayo haijaungua, hiyo hiyo "inayopaa zake", inashika joto mara 28 hivi kuliko hewa ya ukaa ukihesabu kwa miaka 100, na ukihesabu kwa miaka 20 inapita mara 80. Nikapiga hesabu kwenye simu. Kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kama lita moja na nusu ya petroli. Hiyo petroli ukiichoma unapata kama kilo 3.45 za hewa ya ukaa, gesi unapata 2.75, umeokoa gramu 700. Gawa kwa 28, jibu 25. Yaani kila kilo unayojaza zikivuja gramu 25 tu faida yote imeliwa, na kwa ile hesabu ya miaka 20 hazifiki hata gramu 9! Na hapo sijagusa inayovuja kwenye visima na mabomba, ingawa petroli nayo inakuja na meli na malori, tusiionee gesi peke yake.

Sasa huyo dogo na bango lake anatunza mazingira gani?

Fundi mwingine, wa chini ya mwembe, alipaka povu la sabuni kwenye maungio karibu na regyuleta (kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi), mapovu yakaumuka hapo hapo. Nati haikukazwa. Nati! Akafunga vizuri, nikampa ya soda, harufu ikaisha mpaka leo.

Na ndo hapo nachanganyikiwa, maana gesi yenyewe naipenda bwana. Hela ya mafuta imeshuka karibu nusu. Foleni ndo inaudhi, vituo vichache, presha ikishuka unaondoka na mtungi haujajaa, halafu wenzako mbele wamewasha AC saa nzima wanachoma petroli (gari hizi zinakula vyote viwili) kusubiri gesi, mazingira oyee.

Mpangaji wangu ana bajaji ya umeme ananicheka. Sawa, bwawa la Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115 na maji hayatoi moshi, lakini Kinyerezi si bado wanachoma gesi hii hii kuzalisha umeme? Na kobalti ya betri nyingi inachimbwa Kongo, kawaulize wa Kolwezi mazingira yao yakoje. Ila nikiwa mkweli, mota ya umeme haipotezi nguvu kwenye joto kama injini yangu, kwa hiyo hata umeme ukitoka kwenye gesi bado nadhani ananishinda. Inaniuma kuandika hivyo.

Kwa hiyo nasema usifunge gesi? Funga. Nyota nne kwa gesi, aah tatu, foleni ile hapana. Gereji sifuri. Ukienda popote beba maji ya sabuni, wapake kila kiungio mbele yako kabla hujatoa hela, wakikucheka geuza gari. Mimi waliniahidi sevisi ya kwanza bure, naisubiri hadi leo, nikipiga simu hawapokei.