Steshenari ya maombi ya ajira Ngamiani: nyota nne, na ya tano nitaeleza ilikokwenda

Duka lenyewe halina jina. Juu ya mlango pameandikwa kwa rangi ya mafuta: MAOMBI YA AJIRA, NIDA, CHETI CHA KUZALIWA, BODI YA MKOPO, PICHA ZA PASIPOTI, KOPI. Liko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, kati ya fundi cherehani na muuza mkaa. Ukiuliza kwa "dada wa ajira", hata mtoto wa madrasa atakupeleka. Watu wa Tanga tunasifiana mikahawa na saluni, lakini steshenari hakuna anayeziandikia, na hali huko ndiko hela za wazazi zinakoishia siku hizi. Basi mimi nitaandika.

Kitinda mimba wangu ni binti, ana shahada ya uhasibu, amemaliza 2021. Kila tangazo la kazi likitoka, hela ya kutumia maombi hutoka mfukoni mwa baba, kwa hiyo nazijua steshenari za mji huu kuliko ninavyopenda.

Nianze na bei maana ndiyo mtu anayoiuliza. Kopi shilingi 100. Kuprinti 200. Kuskani 500 kwa karatasi. Kufungua akaunti ya Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, na kujaza kila kitu 5,000. Ukiwa na akaunti tayari, kutuma ombi moja ni 2,000, barua ikiwa ndani ya bei hiyo. Ieleweke kwamba Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali kinachopokea maombi hayo, haitozi hata senti moja kwa mtu kuomba kazi. Unachomlipa huyu dada ni kazi ya mikono yake na bando lake, na anakwambia hivyo kabla hujakaa. Kuna mahali pengine, sitapataja, tulitozwa 15,000 wakasema ni "ya mfumo".

Sasa kazi yake. Hashiki kompyuta kwanza. Anakuomba bahasha, anapanga vyeti mezani kwa mstari: cha kuzaliwa, kidato cha nne, kidato cha sita, shahada, matokeo ya chuo, na kitambulisho cha NIDA pembeni. Kisha anasoma majina herufi kwa herufi, kidole juu ya karatasi. Kwa binti yangu alikwama kwenye jina la babu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Salimu, cha kidato cha nne kinasema Salim. Wengine wote walikuwa wakituma tu na kuchukua chao. Huyu alikataa hela yangu siku ile, akatuelekeza kwa wakili tukaandikishe hati ya majina, ndipo turudi. Nilinuna, nauli ilikuwa imeshatumika, lakini alikuwa sahihi.

Ukileta karatasi ya matokeo badala ya cheti anakurudisha, kwa sababu matangazo yanasema wazi kwamba hati za matokeo hazikubaliwi. Ukiwa umevuka miaka 45 anakwambia ukweli kwa upole, hakuli hela yako. Barua haandiki moja ya kunakili kwa kila kazi. Anakuuliza maswali, anaandika, anakusomea, unasaini kwa mkono wako, ndipo inaskaniwa kwenda kwa Katibu, Dodoma. Na wadhamini watatu anawahoji kama polisi. Nilimsikia akimwambia kijana mmoja, "Mdogo wangu, mdhamini wako hapatikani kwenye simu tangu Ramadhani ya mwaka juzi, Dodoma watampataje?"

Ila huduma kubwa ya pale ni benchi. Liko nje, chini ya mwarobaini, na foleni ikiwa ndefu hapo utasikia habari zote za kazi mkoani: nani kaitwa usaili, bandarini wanachukua vibarua au hawachukui, Chongoleani kwenye bomba la mafuta wanataka mafundi wa kuchomelea wenye vyeti vya aina gani. Na utasikia wazee na vijana wakitupiana maneno.

Siku moja alikuwepo babu mmoja, mchukuzi wa zamani wa bandarini, amemleta mjukuu wake. Mjukuu alikuwa ameacha kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa akilipwa 150,000 kwa mwezi, anaingia saa moja asubuhi, anatoka saa mbili usiku, Jumapili nusu siku, hakuna mkataba wala mchango wa NSSF. Babu hakutaka kusikia. "Watoto hawa wanachagua kazi kama wanavyochagua embe sokoni. Sisi tulibeba magunia!"

Dada akaitikia kutoka ndani, macho yakiwa kwenye kompyuta. "Shikamoo babu. Hayo magunia mlikuwa mnayabeba bila mkataba?"

"Marahaba. Mkataba tulikuwa nao, chama cha wafanyakazi tulikuwa nacho."

"Na akiba ya uzeeni?"

"NPF ilikuwepo."

"Na ukiumia?"

"Hospitali, kampuni inalipa." Hapo babu akatazama ndala zake.

"Basi babu, mjukuu wako anataka hayo hayo. Magunia hajayakataa."

Mimi nililiweka moyoni neno hilo, kwa kuwa linanihusu. Baba yangu alikata mkonge. Mwaka 1964 nchi yetu ilipotoa mkonge mwingi kuliko mwaka wowote, zaidi ya tani 230,000, mikono yake ilikuwa miongoni mwa iliyoukata, anafunga majani thelathini kwa fungu na msimamizi anahesabu. Nilipomaliza shule alinikataza nisishike panga la mkonge. Wazee wenzake wa kambini walimcheka, wakasema watoto wa shule wanaogopa miba. Nami kweli sikutaka miba, nilitaka kazi yenye paa. Mwaka 1982 niliandika barua kwa kalamu, nikaipeleka kwa mkono kiwanda cha mbolea, na haukupita muda nikavaa ovaroli. Kulikuwa na basi la kutuchukua, chakula cha mchana, na makato ya NPF. Sikupambana na mtu yeyote kuyapata hayo, niliyakuta. Kiwanda kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya tisini na mkonge ulikuwa umeshashuka zamani kwa sababu ya kamba za nailoni na mengine, tukarudi mtaani tukiwa watu wazima wenye watoto. Mimi nikafungua genge la nafaka Makorora. Sasa wenzangu wa kiwandani ndio wa kwanza kusema vijana wa leo wanapenda raha. Raha gani? Mtoto anaomba basi, chakula na makato. Ni mshahara wetu wa mwezi wa kwanza anaouomba.

Hata hivyo, vijana nao sitawaachia hivi hivi. Wameelekeza shingo Dodoma mpaka zimekauka. Mwaka 2025 TRA, mamlaka ya mapato, walitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Gawanya mwenyewe: zaidi ya watu 80 kwenye kiti kimoja. Siku zile foleni ya dada ilivuka kwa fundi cherehani. Nilimwambia binti yangu, maduka yote haya ya barabara hii hayana mhasibu hata mmoja, kwa nini usiwashikie vitabu, kila mmoja akulipe kidogo kidogo? Akacheka. "Baba, wenye maduka hawataki hesabu zao zionekane." Sikuwa na jibu. Lakini bado naona angejaribu hata maduka mawili.

Yeye aliitwa usaili, akafaulu wa kuandika, akafaulu na wa mahojiano, nafasi zikaisha, jina likawekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi. Mama yake aliwatangazia majirani kwa furaha. Jirani mmoja akauliza kwa nia njema kabisa, "Na hiyo kanzidata inalipa shilingi ngapi?"

Dada mwenyewe ana habari yake. Ni mwalimu, Historia na Kiswahili, amemaliza chuo 2016. Zamani mwalimu akimaliza alikuwa anasubiri kupangiwa kituo, na tangu 2024 walimu nao wanaomba kwenye Ajira Portal na kufanyiwa usaili kama watu wengine. Kwa hiyo huyu anayewatumia wenzake maombi, tangazo la walimu likitoka hutuma la kwake pia, usiku, baada ya kufunga. Nilimuuliza, ukipangiwa Kigoma duka hili utamwachia nani? Alisema ataondoka siku hiyo hiyo. Nikashangaa, maana mwezi mzuri anapata kuzidi mshahara wa mwalimu anayeanza, na huko Kigoma Bodi ya Mkopo watamkata asilimia 15 ya mshahara kulipa mkopo wa chuo kabla hajagusa kitu. Akanieleza taratibu, kama nipo darasani kwake: "Mzee wangu, mwezi mzuri benki hawaukopeshi. Wanakopesha mshahara. Mwalimu mwenzangu aliyeajiriwa ameshajenga, mimi mwenye duka bado napanga." Kisha akasema jambo jingine la bima ya mzazi wake, na mteja akaingia, hatukumaliza.

Sasa ile nyota ya tano. Imepotea kwa kijana msaidizi. Ana miaka kumi na tisa hivi, kamaliza kidato cha nne, analipwa 5,000 kwa siku, na masikio yake yamezibwa na vifaa vya muziki tangu asubuhi. Akiwa peke yake dukani, geuza uje kesho. Cheti cha binti yangu alikiskani kichwa chini miguu juu, na kama dada asingekipitia kabla ya kutuma kingekwenda Dodoma hivyo hivyo. Ikifika saa kumi na moja kamili jioni anachukua begi, hata wewe ukiwa umebakiza karatasi moja. Nilimwambia, mwanangu, sisi tulikuwa hatuondoki mpaka bosi aondoke. Akatoa kifaa kimoja sikioni kwa heshima, akasema, "Shikamoo mzee. Bosi alikuwa anawalipa hiyo saa ya ziada?" Kiwandani tulikuwa tunalipwa, ndiyo. Sikumwambia.

Kazi ya serikali haitaki. Hana hata akaunti ya Ajira Portal, na amezungukwa nayo kutwa. Anahariri video za maharusi kwa simu, anasema harusi moja inamlipa kuliko wiki mbili za kopi, na hawezi kukaa kwenye kiti kimoja mpaka afike miaka 60 ya kustaafu. Dada anamlalamikia kwa maneno yale yale aliyoyasema babu wa bandarini, neno kwa neno, nami nikamkumbusha. Alicheka akasema yeye ana haki, maana ndiye anayelipa. Lakini nitoe na sifa yake: siku printa ilipogoma, huyo huyo kijana aliifungua, akatoa karatasi iliyokwama, akaifunga, na kazi ikaendelea kabla mimi sijamaliza kikombe cha kahawa. Angetaka kazi yenyewe angekuwa fundi mzuri sana.

Kasoro nyingine ni ndogo. Feni ni moja na inamtazama dada tu. Nakala ya kwanza ya barua, ile ya kukagua, anaitoza 200 kama ile ya mwisho, na mimi naona ya kukagua ingekuwa bure.

Kwa wanaotaka kwenda: msiende siku ya mwisho ya tangazo, mfumo unaelemewa na mtakaa pale mpaka usiku. Asubuhi saa mbili ndiyo nzuri. Ijumaa anafunga saa sita kwa ajili ya swala, anarudi saa nane na nusu. Mtu yeyote akikupigia simu baada ya kutuma maombi akitaka hela ili jina lako lipite, mkatie, na dada amebandika onyo hilo ukutani kwa herufi kubwa. Kitambulisho cha NIDA beba chenyewe, acha kuleta picha yake kwenye simu. Na nywila ya barua pepe yako iandike kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu nusu ya foleni ile ni watu wanaoitafuta nywila.